Umelishusha gari? Shoki zake za zamani hazikufai tena

Msimu wa harusi ukifika, vijana wetu wa Mombasa hawana raha mpaka gari lishuke. Simama Nyali au Bamburi jioni ya Jumamosi utayaona yakipita kwenye msafara wa bwana harusi: rimu pana, vioo vyeusi, madigadi yamekaribia kumeza tairi. Ni mtindo, na mimi sina ugomvi na mtindo. Gari lililokaa chini hupendeza, na likishushwa sawasawa hushika barabara vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani.

Ugomvi wangu ni na namna linavyoshushwa.

Tulikuwa tukirudi kutoka harusini Kilifi usiku, watu watano ndani ya gari la mpwa wangu. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa kiti cha nyuma pamoja nami. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu. Tukafika kwenye kona ambayo lami yake imefanya mawimbi kwa uzito wa malori. Gari likapiga wimbi la kwanza, likaruka. Kabla halijatulia likapiga la pili, na nyuma ikahama nzima kuelekea upande wa pili wa barabara. Lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali kidogo. Kilichotuokoa ni hicho "kidogo".

Asubuhi yake tulilipandisha gari kwa jeki. Magurudumu yaliponing'inia, nikaingiza mkono na kushika springi ya nyuma. Ikazunguka mkononi kama bangili, maana haikuwa imebanwa na chochote. Nikamuuliza, "Hii ilifanywa nini?" Akainamisha kichwa. "Mjomba, fundi alikata mizunguko miwili tu." Na shoki? "Shoki hakuzigusa. Alisema bado ziko sawa."

Hapo ndipo nilipoona haja ya kuandika makala haya, kwa sababu najua mpwa wangu si peke yake.

Springi na shoki si kazi moja

Shokabzoba, ambazo gerejini huitwa shoki kwa ufupi, watu wengi hudhani ndizo zinazolibeba gari. Sivyo. Anayebeba ni springi. Uzito wote wa gari, abiria na mizigo hukaa juu ya springi, na gurudumu likipiga tuta springi hujibana ili pigo lisifike moja kwa moja kwenye bodi.

Lakini springi ina tabia moja: ukiibana, hurudi kwa nguvu ile ile, ikapita pale ilipokuwa, ikarudi tena. Ingeachwa peke yake, gari lingedunda barabarani kama mpira. Shoki iko pale kuizima ile midundo.

Ndani ya shoki mna oili, na mna pistoni yenye vitundu vidogo na valvu. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni husukumwa ndani ya oili, na oili hulazimika kupenya kwa shida kwenye vitundu hivyo. Ile shida ya kupenya hula nguvu ya mdundo na kuigeuza joto. Ndiyo maana, baada ya safari ya barabara mbovu, shoki nzima huwa na moto, na iliyokufa hukaa baridi.

Kwa nini jambo hili ni la uhai na si la starehe tu? Kwa sababu kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Breki zako, usukani wako na injini yako, vyote hufanya kazi kupitia viganja hivyo vinne. Tairi linapodunda, kwa muda huo mfupi kiganja hakipo. Unakanyaga breki na gari halisimami. Unakata kona na gari halifuati. Hilo ndilo lililotupata sisi.

Unapokata springi, mambo matatu hubadilika

La kwanza, springi huwa ngumu zaidi. Hii huwashangaza watu, kwani wao waona imekuwa fupi tu. Lakini ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Chukua springi yenye mizunguko 6. Ukikata mmoja, ugumu huongezeka kwa asilimia 20. Ukikata miwili, huongezeka kwa asilimia 50. Sasa springi yako yarudi kwa nguvu ambayo shoki ya kiwandani haikupimiwa. Shoki ile ile iliyokuwa ikituliza gari jana, leo yashindwa, hata kama ingekuwa mpya kutoka dukani.

La pili, nafasi ya kusafiri hupungua. Shoki ina urefu fulani wa kwenda chini na kurudi juu, na gari likiwa limesimama, pistoni hukaa karibu na katikati. Tuseme gari lako lilikuwa na sentimita 8 za kushuka kabla shoki haijafika mwisho wake. Umelishusha sentimita 5, zimebaki 3. Wakikaa watu watatu nyuma na mabegi yao, hizo 3 nazo zaweza kwisha kabla hujatoka hata mtaani. Kuanzia hapo kila tuta ni pigo la moja kwa moja. Kwenye shoki kuna kipande cha raba kinachozuia chuma kugonga chuma, na raba hiyo iliwekwa kwa mapigo ya nadra, haikuwekwa kuwa springi. Hukatika, kisha shoki yagongwa sakafuni mwake mpaka valvu ya chini ivunjike na oili ianze kuvuja. Kwa hiyo shoki za zamani kwenye gari lililokatwa springi huanza kwa kushindwa kazi, na humalizia kwa kufa.

La tatu, springi hulegea gari linaponing'inia. Shoki ndiyo inayoamua gurudumu lishuke hadi wapi. Ikiwa shoki ni ndefu kama zamani na springi imekatwa, gurudumu likishuka kwenye shimo springi hubaki bila kubanwa. Yaweza kukaa upande, kugonga, au kutoka kabisa mahali pake. Bangili niliyoishika asubuhi ile ndiyo hiyo.

Ukichanganya mambo haya matatu utaelewa kwa nini gari la namna hii huonekana zuri likiwa limeegeshwa, na hutisha likiwa mbioni.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Magari mengi madogo tunayoyatumia yana mtindo wa MacPherson mbele, yaani shoki na springi zimekaa pamoja kama nguzo moja inayoshika gurudumu. Katika mtindo huu, mkono wa chini unaoshika gurudumu hutakiwa kulala karibu sawa na ardhi. Ukilishusha gari kupita kiasi, mkono ule huinuka upande wa gurudumu, na gari huzidi kutaka kulala kwenye kona. Yaani ulilishusha ili litulie, nalo likawa kinyume chake. Shafti nazo hupinda zaidi, na boljointi huchoka mapema.

Shoki gani zifae

Kwanza tukubaliane kuhusu springi. Springi iliyokatwa kwa moto wa gesi au iliyopashwa moto ili ilale, iondoe. Moto huharibu ule ugumu aliopewa chuma kiwandani, na springi ya namna hiyo yaweza kuvunjika siku yoyote. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli ya gari lako. Nyingi za matumizi ya kila siku hushusha gari kati ya sentimita 2 na 4, na kwa barabara zetu mimi nasema 3 zatosha sana. Kumbuka matuta ya mitaani, na kumbuka feri ya Likoni: maji yakipwa, pale gari linapopinda kutoka kwenye mteremko kuingia chomboni ndipo bampa nyingi zimeacha rangi yake.

Baada ya springi, shoki. Ziko za namna tatu utakazouziwa.

Namna ya kwanza ni shoki ya kawaida yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, oili ya akiba ikikaa kwenye mrija wa nje. Shoki nyingi za kubadilishia, kama Excel-G za kampuni ya KYB ya Japani, ni za mtindo huu, zikiwa na gesi kidogo. Ni nzuri kwa gari lisiloshushwa. Zimepimwa kwa springi ya kiwandani na urefu wa kiwandani. Ukiziweka kwenye gari lililoshushwa kidogo sana, zitavumilia kwa muda. Ukilishusha sana, umenunua shoki mpya ya kuua.

Namna ya pili ni shoki fupi za michezo. Hizi mwili wake umefupishwa, hivyo pistoni hukaa mahali pake hata gari likiwa chini, na zimekazwa ziendane na springi ngumu. B8 za Bilstein ya Ujerumani zilitengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoshushwa. Nyingi ya shoki za kampuni hiyo ni za mrija mmoja: oili upande mmoja, gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa upande wa pili, na kizuizi kinachotenganisha. Faida yake ni kwamba oili haichanganyiki na gesi ikafanya povu, na joto hutoka upesi kwa kuwa mrija wenyewe umeguswa na upepo. Koni za Uholanzi zina zile za manjano za Sport, ambazo waweza kurekebisha ukali wa kurudi kwake.

Hapo kwenye "kurudi" tusimame kidogo. Shoki ina kazi mbili: kuzuia springi inapobanwa na kuizuia inaporudi. Springi ngumu hurudi kwa kishindo, kwa hiyo ongezeko la ukali lahitajika zaidi upande wa kurudi. Lakini usizidishe. Ukikaza sana, gurudumu halitawahi kurudi chini kabla ya tuta linalofuata. Pita kwenye yale matuta madogo ya mfululizo yanayowekwa kabla ya makutano, utahisi gari likizama kidogo kidogo mpaka likae juu ya raba. Na hesabu yenyewe haidai ukali mwingi kama watu wanavyodhani: springi ikiwa ngumu kwa asilimia 20, shoki yahitaji kuongezwa kama asilimia 10 tu ili gari litulie kama mwanzo. Anayekwambia "kaza mpaka mwisho" hajui anachokwambia.

Namna ya tatu ni zile shoki zenye meno ya parafujo, springi na shoki pamoja, ambazo waweza kupandisha na kushusha gari kwa spana. Vijana ndizo wanazozipenda. Ukinunua, uliza swali moja: je, urefu hubadilishwa kwa kusogeza kikalio cha springi, au kwa kuzungusha sehemu ya chini ya shoki yenyewe? Zile za kikalio, kila unapolishusha gari unakula nafasi ya shoki, na tumerudi kwenye tatizo la mwanzo. Zile za sehemu ya chini hulishusha gari huku pistoni ikibaki mahali pake. Hata hivyo, hata nazo haziwezi kuongeza nafasi kati ya tairi na madigadi. Tairi likigusa, limegusa.

Pia kuna biashara ya kutoboa shoki iliyochoka, kuijaza oili nzito na kuiziba kwa kuchomelea. Kwa wiki chache gari litakuwa gumu, nawe utadhani limepona. Lakini valvu zilizochakaa hazikurekebishwa, gesi haikurudishwa, na sili iliyokuwa ikivuja ndiyo ile ile. Ugumu si utulivu. Vivyo hivyo shoki za mtumba: magari mengi yanayoingia nchini hutoka Japani yakiwa na umri wa hadi miaka 8, ambao ndio mwisho wa sheria yetu. Shoki iliyotolewa kwenye gari la rika hilo au kubwa zaidi huwezi kujua imebakisha nini.

Siku ya gerejini

Ukishapata springi na shoki zinazooana, kazi ya kufunga nayo ina adabu zake.

Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Shoki mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili hufanya gari livute wakati wa breki.

Springi ya MacPherson itolewe kwa kifaa chake cha kubania, viwili vikiwa vimekabiliana, na kisifunguliwe kwa kubahatisha. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumvunja mtu uso. Fundi akianza kutafuta waya au mnyororo, chukua gari lako uondoke.

Raba za juu, bushi na mfuniko wa vumbi vibadilishwe papo hapo. Kuweka shoki ghali juu ya raba iliyopasuka ni kuvaa kanzu mpya juu ya fulana chafu. Raba ya kuzuia nayo iwe ile inayokuja na springi fupi au shoki fupi. Isikatwe kwa kisu kwa kukisia, wala isitupwe.

Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba ya bushi hujipinda moja kwa moja gari likishushwa, na itakatika upesi.

Kisha alaimenti. Hii si hiari. Gari likishuka, magurudumu hulala na mwelekeo wake hubadilika, na tairi zitaliwa upande wa ndani ambako huoni ukisimama nje. Mwisho, rekebisha taa. Mbele ikishuka zaidi ya nyuma utamulika lami. Nyuma ikishuka zaidi utawapofusha wanaokuja.

Tahadhari ya sisi tunaoishi pwani

Mwandishi wa bara asingekuandikia hili. Upepo wetu una chumvi. Kile chuma kinachong'aa cha shoki kikipata vidoa vya kutu, kila kinapopita kwenye sili huikwaruza kama msasa, na oili huanza kutoka. Shoki zenye meno ya parafujo ndizo zinazoteseka zaidi: miezi michache bila huduma, meno hushikana na spana haizunguki tena. Oshea chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya muda, hasa kama unaegesha karibu na bahari, na hakikisha mfuniko wa vumbi haujachanika. Meno yapakwe grisi au kinga ya kutu.

Jikague mwenyewe

Huhitaji kuwa fundi ili kujua hali ya gari lako. Chungulia nyuma ya gurudumu: shoki yenye unyevu wa oili kuanzia juu hadi chini imekwisha. Pitisha kiganja taratibu juu ya tairi kwa kuzunguka: ukihisi mabonde na vilima, tairi limekuwa likidunda. Bonyeza kona ya gari kisha uachie: likiendelea kuyumba zaidi ya mara moja au mbili, shoki haifanyi kazi, ingawa likitulia bado si hakikisho kwamba ni nzima. Kisha lipandishe kwa jeki, liweke juu ya stendi, na utikise springi kwa mkono. Ikicheza, usilitie gari barabarani.

Na soma mkataba wako wa bima, au mwulize wakala wako, kuhusu mabadiliko uliyofanya kwenye gari. Ni bora swali hilo uulize wewe leo kuliko kuulizwa wewe baada ya ajali.

Kama pesa hazitoshi kwa springi na shoki pamoja, basi anza na shoki, liache gari kwenye kimo chake, ukishie hapo kwa sasa. Gari la juu lenye shoki nzima litakufikisha. La chini lenye shoki zilizokufa lina bahati tu, na bahati huisha. Wazee walisema, vyaelea vimeundwa. Unapoliona gari lililoshuka likipita laini juu ya lami mbaya, usidhani ni ule ufupi wa springi. Kuna mtu alikaa akapima.

Mpwa wangu ameziondoa zile springi. Alirudisha za kawaida kwanza, akadunduliza, kisha akanunua springi fupi za sentimita 3 pamoja na shoki fupi zinazooana nazo. Wenzake humcheka kwamba gari lake si la chini kama ya kwao. Lakini wiki iliyopita alimpeleka mamake Kilifi kwa njia ile ile, na walipofika kwenye ile kona yenye mawimbi, dada yangu alishika mlango kwa mkono mmoja na kufumba macho. Gari lilipiga wimbi la kwanza, likatulia, likapiga la pili, likatulia. Akafumbua macho akauliza, "Tushapita?"